MIZANI, DAFTARI NA CHUNGU: Somo la Biashara Ndogo za Mtaani Kwetu Igoma

Bismillahir Rahmanir Rahim

UTANGULIZI

Kila sifa njema anastahiki Allah (s.w), Mola Mlezi wa walimwengu wote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w), jamaa zake, maswahaba zake na wote wanaowafuata kwa wema mpaka Siku ya Malipo.



Katika somo la Fiqh tunapomaliza milango ya twahara, swala, funga na zaka, tunaingia katika mlango wa biashara. Hapo wanafunzi wengi huanza kusinzia. Hudhani mlango huu ni wa matajiri wenye magari ya mizigo na maduka ya jumla kule mjini. Lakini hebu jiulize: tangu asubuhi umefanya biashara mara ngapi? Umetumwa andazi na majani ya chai kabla ya kwenda shule. Mchana umenunua muhogo wa kukaanga. Jioni umerudishwa genge la jirani kuchukua nyanya na dagaa, na huenda baada ya Magharibi ukakaa kaunta kumpokea mama yako ili aswali. Mwanafunzi wa kawaida hapa Igoma anauza na kununua mara nyingi kuliko idadi ya swala zake tano. Basi mlango huu ni wake, tena ni wa kila siku.

Somo letu mwaka huu linahusu duka la rejareja, genge, kibanda cha chipsi na mama lishe wa mtaani. Tutaliangalia kupitia vitu vitatu ambavyo kila mmoja wetu anavifahamu: mizani, daftari na chungu. Mizani ni haki ya anayenunua, daftari ni haki ya anayeuza, na chungu ni haki ya tumbo la anayekula. Haki hizi tatu zikilindwa, mtaa unaishi. Zikivunjwa, duka linakufa hata kama mlango wake bado uko wazi.

1. KAZI YA MKONO NA SOKO LA MADINA

Ipo fikra mbaya inayowaingia baadhi ya vijana kwamba kukaa dukani au kuuza vitumbua ni kazi ya mtu aliyefeli. Fikra hii haina nafasi katika Uislamu. Mtume (s.a.w) ametufundisha, katika hadithi iliyopokelewa na Bukhari, kwamba hakuna chakula bora alichokula mtu kuliko kile alichokipata kwa kazi ya mikono yake, na akamtaja Nabii Daud (a.s) kuwa alikuwa akila kwa jasho lake. Bibi Khadija (r.a) alikuwa mfanyabiashara. Mtume mwenyewe (s.a.w) alisafiri na bidhaa zake kwenda Sham kabla ya kupewa utume.

Mfano ulio karibu zaidi na mtaa wetu ni wa Abdurrahman bin Auf (r.a). Alipohama kutoka Makka alifika Madina hana kitu. Mtume (s.a.w) akamuunganisha udugu na Saad bin Rabii (r.a), naye Saad akataka kumgawia nusu ya mali yake. Abdurrahman akamuombea baraka, kisha akaomba aonyeshwe soko liko wapi. Akaenda, akaanza na samli na jibini, vitu vidogo vya kula, na haukupita muda mrefu akawa na uwezo wa kuoa. Baadaye akawa miongoni mwa maswahaba matajiri na watoaji wakubwa.

Zingatia mambo mawili hapa. Kwanza, hakuanza na mtaji mkubwa. Pili, hakuona aibu kuanza na kidogo mbele ya watu waliomjua alipokuwa na hali nzuri Makka. Mama anayewasha jiko la mkaa alfajiri kando ya stendi ya daladala ili abiria wapate chai na chapati anatembea katika njia hiyohiyo, iwapo nia yake ni safi na mkono wake ni safi.

2. DUKA DOGO NA HISTORIA YA MWANZA

Igoma iko upande wa mashariki wa Jiji la Mwanza, katika barabara kuu iendayo Musoma. Kwa kuwa iko njiani, watu wake wametoka sehemu nyingi: Wasukuma wa Magu na Kwimba, watu wa Mara, wa Kagera, wa Kigoma, na wengine kutoka visiwani mwa ziwa. Watu wa asili tofauti na dini tofauti hukutana wapi? Hukutana dukani, gengeni na kwenye benchi la mama lishe.

Historia ya mkoa wetu inaonyesha thamani ya mambo haya. Katika miaka ya 1940 wenye maduka Waafrika wa hapa Mwanza waliunda chama chao cha ushirika ili waweze kupata bidhaa na kusimama pamoja na wafanyabiashara wengine. Mmoja wa waliofanya kazi katika chama hicho alikuwa kijana Paul Bomani. Wakati huo wakulima wa pamba wa Usukuma walikuwa na malalamiko makubwa: walikuwa wakipunjwa kwenye mizani ya wanunuzi. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima wakaanza kuweka wapimaji wao wenyewe kwenye vituo vya kununulia pamba ili wahakikishe uzito. Kutokana na juhudi hizo kikazaliwa mwaka 1955 chama kikuu cha ushirika cha Kanda ya Ziwa, ambacho kilikuwa miongoni mwa vyama vikubwa vya ushirika barani Afrika. Bomani akawa kiongozi wake, na baadaye akawa waziri katika serikali ya Tanganyika huru. Tazama, ndugu mwanafunzi: jambo kubwa namna hiyo lilianzia kwenye mizani iliyopunja.

Somo la pili ni la mwaka 1976. Serikali ilianzisha Operesheni Maduka, ambapo maduka ya watu binafsi, hasa vijijini, yalifungwa ili nafasi yake ichukuliwe na maduka ya ushirika. Nia ilikuwa kumlinda mwananchi dhidi ya kunyonywa. Lakini maduka mapya katika sehemu nyingi hayakuwa yamejiandaa, bidhaa zikaadimika na zoezi likasitishwa. Baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979 uhaba ukazidi. Wazee wetu wanakumbuka foleni za sukari, sabuni na unga. Kuanzia mwaka 1984 milango ya biashara ilifunguliwa tena kidogo kidogo.

Tunapata nini katika habari hizi? Tunajifunza kwamba duka dogo ni neema ambayo watu huijua inapotoweka. Pia tunajifunza kwamba dhulma ya wauzaji ndiyo huwafanya watu walichukie duka na kushangilia likifungwa. Ulinzi wa kwanza wa mwenye duka ni uadilifu wake.

3. MIZANI

Allah (s.w) ameteremsha sura nzima iliyopewa jina la wapunjao, Surat al-Mutaffifin (83). Aya zake za mwanzo zinawatisha kwa adhabu watu ambao wakipokea kwa wengine hutaka kipimo kilichojaa, na wao wakiwapimia wengine hupunguza. Vilevile katika Surat Hud (11:84-85) tunasoma habari za Nabii Shuaib (a.s) na watu wa Madyan. Baada ya kuwaita kwenye Tauhidi, jambo alilowakataza ni kupunguza vipimo na mizani. Hawakusikia, na mwisho wao unajulikana.

Upunjaji unakuwaje mtaani kwetu? Tutaje baadhi ya namna zake:

(a) Mizani iliyochezewa, au kuacha kidole au kitu kizito juu ya sahani ya mizani.

(b) Kopo au kisado kilichobonyezwa kitako ili kipokee kidogo, au kumwaga haraka ili kionekane kimejaa ilhali ndani kuna uwazi.

(c) Kufunga mapema robo na nusu za sukari au mchele kwenye vifuko bila kupima, kwa kukadiria kwa jicho, na jicho kila mara "likakosea" upande mmoja tu.

(d) Lumbesa. Huu ni upunjaji wa anayenunua. Mfanyabiashara anajaza gunia la viazi au vitunguu mpaka linaota kilemba juu, kisha anamlipa mkulima bei ya gunia moja. Sheria ya vipimo ya nchi yetu inakataza, na Wakala wa Vipimo wamekuwa wakipiga vita jambo hili kwa miaka mingi. Lakini Muislamu hasubiri mkaguzi. Aya za Surat al-Mutaffifin zilikwishamkataza.

Tufanye hesabu ndogo. Chukua mfano wa duka ambalo mizani yake inapunguza gramu 50 tu katika kila kilo. Mteja hawezi kuhisi gramu 50 mkononi. Duka hilo likiuza kilo 20 za sukari, mchele na unga kwa siku, linabaki na kilo 1 isiyo yake kila siku. Kwa mwaka ni kilo 365, yaani magunia 7 ya kilo 50 na kilo 15 juu yake. Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba, nao walikuwa wakisifu akiba. Hapa haba na haba imejaza moto.

Ubaya wake ni mkubwa zaidi kwa sababu wenye mali ni wengi na hawajulikani. Mtu akiiba ng'ombe wa jirani anajua wa kumrudishia. Aliyepunja kwa gramu amedhulumu mamia ya watu: wajane, watoto waliotumwa, wasafiri walioshuka kwenye daladala mara moja na hawakurudi tena. Atawapata wapi kuwaomba radhi? Katika hadithi iliyopokelewa na Muslim, Mtume (s.a.w) aliwaeleza maswahaba kwamba mufilisi wa kweli ni yule atakayekuja Siku ya Kiyama na swala, funga na zaka, lakini amedhulumu watu. Mema yake yatagawiwa kwa wale aliowadhulumu, na yakiisha, dhambi zao zitatupwa juu yake. Mwenye duka anayepunja anaswali kwa ajili ya wateja wake.

Kinyume chake ni sunna ya kuzidisha. Mtume (s.a.w) aliwahi kumwambia mtu aliyekuwa akipima malipo sokoni apime na aizidishe mizani upande wa anayepokea (Abu Daud na Tirmidhi). Ndiyo maana ile nyongeza ya nyanya moja au ya dagaa wachache wanaotupiwa juu ya kopo, ikitolewa kwa moyo mweupe, ni jambo jema. Lakini nyongeza haifuti upunjaji. Usipunguze gramu 50 kisha ukarudisha 10 ukajiita mkarimu.

4. DAFTARI

Kuna maneno yanayopendwa sana na wenye maduka wa nchi yetu: mali bila daftari hupotea bila habari. Maneno haya yanakubaliana na Qur'an. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'an, al-Baqarah 2:282, haikuhusu vita wala hija. Imehusu kuandika deni: liandikwe, liwe dogo au kubwa, mwandishi awe muadilifu, anayedaiwa ndiye atamke anachodaiwa, na wawepo mashahidi. Kwa hiyo lile daftari lenye pembe zilizokunjika linaloning'inia kwa kamba nyuma ya kaunta ni kitu chenye heshima.

Je, inajuzu kukopa chakula dukani? Inajuzu. Bibi Aisha (r.a) amesimulia kwamba Mtume (s.a.w) alichukua chakula kwa deni kwa Myahudi mmoja wa Madina na akaweka rehani deraya yake ya chuma (Bukhari na Muslim). Hapa tunapata faida tatu. Kukopa kwa haja si aibu. Kumpa muuzaji dhamana ni katika uadilifu. Na kufanya biashara na jirani asiyekuwa Muislamu ni halali, tena anastahili uaminifu uleule. Majirani zetu wengi hapa Igoma ni Wakristo, tunanunua kwao nao wananunua kwetu. Asijidanganye mtu kwamba kumpunja asiye wa dini yake ni jambo jepesi.

Hukumu za deni la dukani ambazo kila familia izijue ni hizi:

(a) Bei iwe moja. Muuzaji anaweza kusema bei ya taslimu ni hii na ya mkopo ni hii, na wanazuoni wengi wamejuzisha tofauti hiyo, kwa sharti kwamba mnunuzi na muuzaji waafikiane bei moja kabla ya kuachana. Wakiachana bila kujulikana ni ipi, hapo kuna tatizo.

(b) Ikishaafikiwa, haiongezwi. Mdaiwa akichelewa, muuzaji akaongeza shilingi 500 kwa ajili ya ucheleweshaji, nyongeza hiyo ni riba. Haiwi halali kwa kuwa ni ndogo.

(c) Mwenye dhiki apewe muda. Hili ni agizo la al-Baqarah 2:280, na kumsamehe kabisa ni bora zaidi. Mtume (s.a.w) ametusimulia habari za mfanyabiashara aliyekuwa akiwakopesha watu na kuwaambia vijana wake wawasamehe wenye dhiki, naye Allah (s.w) akamsamehe kwa sababu hiyo (Bukhari na Muslim).

(d) Mwenye uwezo asicheleweshe. Mtume (s.a.w) ameita uchelewaji wa mwenye uwezo kuwa ni dhulma.

Hukumu ya mwisho ndiyo inayoua maduka yetu, kwa hiyo tuikalie kidogo. Watu wengi huona mwenye duka kuwa ni tajiri kwa kuwa wanamuona amezungukwa na bidhaa. Tufanye tena hesabu. Tuseme mwenye duka ananunua kilo ya sukari kwa shilingi 2,800 na kuuza kwa shilingi 3,000. Faida ni shilingi 200. Jirani akakopa kilo 5, kisha akahama bila kulipa. Mwenye duka amepoteza mtaji wa shilingi 14,000. Ili aurudishe kwa faida ya shilingi 200, inabidi auze kilo 70 za sukari bila kujipatia chochote. Kilo 5 zimemeza jasho la kilo 70! Wakifanya hivyo majirani watano au sita, rafu zitaanza kuwa na mapengo, wateja wa taslimu watahamia kwingine, na siku moja mlango hautafunguliwa.

Na nani ataumia? Ataumia yule baba kibarua ambaye siku akikosa kazi hukopeshwa kilo ya unga saa tatu usiku watoto wasilale na njaa. Duka kubwa la mjini halimjui na halimkopeshi. Aliyekimbia na deni la shilingi 15,000 amewafungia mlango watu asiowajua. Waswahili husema kukopa harusi, kulipa matanga. Sisi tuseme: asiyelipa ndiye anayeleta matanga kwenye nyumba za wenzake.

Kisha tukumbuke mauti. Hapa Igoma ndipo yalipo makaburi ya wahanga wa MV Bukoba, meli iliyozama tarehe 21 Mei 1996 ikiwa imekaribia kufika Mwanza kutoka Bukoba. Walikufa mamia ya watu, na miongoni mwao walikuwemo wafanyabiashara waliokuwa safarini na bidhaa zao. Walioondoka nyumbani walidhani watarudi. Allah awarehemu waja wake Waislamu na awape subira waliofiwa wote. Anayepita karibu na makaburi yale na ajiulize: nikiondoka leo, jina langu liko katika daftari la nani? Mtume (s.a.w) ilikuwa ikiletwa maiti anauliza kama ana deni. Siku moja alijizuia kumswalia mtu aliyekufa na deni bila kuacha cha kulilipia, mpaka Abu Qatada (r.a) alipojitolea kulibeba (Bukhari). Kwa hiyo mzazi awaambie watoto wake anadaiwa wapi na kiasi gani. Si siri ya kuifia nayo.

Daftari lina faida nyingine: linamuonyesha mwenye duka kama zaka imemuwajibikia. Mwisho wa mwaka wa Kiislamu wa biashara yake ahesabu bidhaa kwa bei ya kuuzia siku hiyo pamoja na fedha taslimu. Ikifika nisabu, ambayo wanazuoni wa sasa wanaikadiria kwa thamani ya gramu 85 za dhahabu, atoe asilimia mbili na nusu. Wengi wa wenye biashara ndogo hawafiki nisabu, lakini huwezi kujua usipohesabu.

5. CHUNGU

Sasa tuingie kwa mama lishe na kwenye hoteli zetu ndogo. Wali maharage, ugali wa udaga kwa dagaa, sato wa kukaanga, supu, chapati, vitumbua: hivi ndivyo vinavyolisha madereva, vibarua, wanafunzi na hata walimu wenu. Anayekula hajui kilichofanyika jikoni. Amekula kwa kumuamini aliyepika.

Mtume (s.a.w) alipita sokoni Madina penye rundo la nafaka. Akaingiza mkono wake ndani, vidole vikakuta unyevu. Akamuuliza mwenye mali, naye akajibu kwamba ilinyeshewa. Mtume (s.a.w) akamhoji kwa nini hakuiweka iliyolowa juu watu waione, kisha akatangaza kwamba mwenye kudanganya si katika watu wake (Muslim). Muuzaji yule hakusema uongo wowote kwa ulimi. Alipanga tu: kavu juu, mbichi chini. Je, hatuwajui wanaopanga dagaa wasafi juu ya ndoo na wenye mchanga chini? Au nyanya nzuri mbele na zilizooza nyuma? Au mchele mpya kuchanganywa na ule wenye wadudu? Kuuza kitu chenye kasoro si haramu. Kuificha kasoro ndiyo haramu. Sema "hawa wana mchanga kidogo", punguza bei, na Allah atatia baraka.

Kwa wapishi tunasisitiza haya:

(a) Nyama iwe imechinjwa kwa njia inayofahamika kuwa ni halali. Usitegemee kudhani.

(b) Kiporo kisiuzwe kwa jina la chakula cha leo. Wali wa jana ukipashwa moto na mteja akaambiwa ni wa jana, akaridhia kwa bei nafuu, hilo ni lake. Kumficha ni ghushi.

(c) Mafuta yaliyokwisha kuwa meusi yamwagwe. Kuyaongezea mapya juu ni kama ile nafaka iliyolowa.

(d) Maji ya kunawa yatiririke na yawe na sabuni. Mlipuko wa kipindupindu ulioanza Dar es Salaam Agosti 2015 ulienea katika mikoa mingi, Mwanza ikiwemo, na katika miji kadhaa kuuza chakula kilichopikwa barabarani kulipigwa marufuku. Waliokuwa wasafi waliathirika pamoja na waliokuwa wachafu. Twahara tunayoisoma katika mlango wa kwanza wa Fiqh ndiyo inayolinda mtaji katika mlango huu.

Upande wa mteja nao una adabu. Kula kisha ukajifanya umesahau kulipa wakati wa msongamano ni wizi. Kukalia benchi saa nzima kwa kikombe kimoja cha chai wakati wengine wamesimama ni kumdhulumu mama yule. Na kumtukana mama lishe au binti anayehudumu kwa kuwa ni maskini ni katika tabia za kijahiliya.

6. MTOTO ANAYETUMWA NA MTOTO ANAYEUZA

Sehemu hii ni yako hasa, mwanafunzi. Unapotumwa dukani wewe ni wakili wa mzazi wako. Urwa al-Bariqi (r.a) alipewa dinari moja na Mtume (s.a.w) akanunue mbuzi. Akanunua wawili kwa dinari ile, akamuuza mmoja kwa dinari, akarudi na mbuzi na dinari yenyewe. Mtume (s.a.w) akamuombea baraka katika biashara yake (Bukhari). Urwa angeweza kubaki na ile dinari na hakuna ambaye angejua. Dua ile aliipata kwa kurudisha chenji!

Basi chenji ya shilingi 200 ni amana. Mwenye duka akikurudishia zaidi kwa makosa, mrudishie. Fedha ikiingia kwa makosa kwenye simu ya nyumbani, mwenyewe aitafutiwe.

Ama kuhusu kuuza, katika madhehebu ya Imam Shafii mauzo ya asiyebaleghe hayasihi, na wapo wanazuoni wengine waliojuzisha kwa idhini ya mlezi katika vitu vidogo, na ndivyo watu wengi wanavyotenda. Kwa hiyo wazazi msimwachie mtoto biashara nzima. Mwekeeni bei zilizo wazi, msimfundishe kupunja, wala msimkatishe shule na madrasa kwa ajili ya kaunta. Mtoto aliyeambiwa na baba yake "paka kidole hapa kwenye mizani" amefundishwa wizi na mwalimu anayempenda kuliko wote.

Tena wenye maduka tunawaomba kwa jina la Allah: msiweke zile mashine za kamari za kutumbukiza sarafu. Faida yake inatoka kwenye mifuko ya watoto waliotumwa chumvi. Kamari imeharamishwa wazi katika al-Maidah 5:90.

HITIMISHO

Ndugu zangu, inapoadhiniwa Ijumaa, Surat al-Jumua (62:9-10) inawataka waumini waache biashara waende kumkumbuka Allah, na swala ikiisha watawanyike watafute fadhila zake. Aya inatuelekeza msikitini, kisha inaturudisha sokoni. Anayerudi dukani ni mtu yuleyule aliyekuwa amesujudu. Kama sijida yake ilikuwa ya kweli, itaonekana kwenye mizani, kwenye daftari na ndani ya chungu.

Kila familia ijiwekee lengo hili: kabla ya mwezi mwandamo wa Ramadhani tuwe tumepitia maduka yote tunayodaiwa, tumelipa tunachoweza, na kwa kilichobaki tumezungumza na mwenye duka kwa adabu badala ya kupita njia ya nyuma. Na wenye maduka wajaribu mizani zao kwa mawe ya uzito sahihi. Tukifanya hivyo, mtaa wetu utakuwa darasa, na majirani wasiokuwa Waislamu watausoma Uislamu bila kufungua kitabu.

Allah atujaalie riziki ya halali, atulipie madeni yetu, na atuepushe na haki za watu. Amin. Wallahu aalam.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Taja namna nne za kupunja zilizotajwa katika somo, na ueleze ni ipi inayofanywa na mnunuzi.

2. Duka linapunguza gramu 20 kwa kila kilo na linauza kilo 50 kwa siku. Kwa siku 30 litakuwa limechukua kilo ngapi zisizo zake?

3. Mwenye duka amemuongezea mdaiwa shilingi 1,000 kwa sababu amechelewa kulipa. Eleza hukumu yake.

4. Abdurrahman bin Auf (r.a) na Urwa al-Bariqi (r.a) wanatufundisha nini kuhusu mtaji na kuhusu amana?

5. Kazi ya nyumbani: Muulize mzazi wako kama kuna duka mnalodaiwa. Kama lipo, mwombe muandike kiasi hicho pamoja, na mpange siku ya kulipa.